Mvua ya Bwana Thoya

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, watoto wa mtaa wa Shika Adabu, Likoni, walikuwa na shughuli moja waliyoipenda kuliko uji: kupiga mpira kwenye ukuta wa Bi Dhahabu. Ukuta wenyewe ulikuwa wa mawe, mpana, hauna dirisha wala mlango. Bi Dhahabu, mwanamke mtu mzima mwenye masikio mazito, aliuza chumvi na mafuta ya taa upande wa pili wa nyumba. Mpira ulikuwa wa vipande vya tyubu kuukuu vilivyokazwa kwa uzi, na raketi ilikuwa kiganja cha mkono.

Sheria hazikuwa nyingi. Unapiga, mpira unagonga ukuta, unarudi, mwenzako anapiga. Ukidunda chini mara moja, ni halali. Ukidunda mara ya pili, umelala, na mpira uliolala haupigwi. Lakini sheria iliyozipita zote ilikuwa hii: kama wewe ndiye uliyeupiga ukiwa umekwisha lala, ni wewe utakayesema. Hapakuwa na refa. Mdomo wako ndio uliokuwa refa wako.

Asubuhi hiyo Nyamvula alikuwa akicheza na Boga. Nyamvula alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba, miguu mirefu kama ya korongo, na ukaidi wake ulijulikana mpaka kivukoni. Boga alikuwa wa darasa lake, mtoto wa jirani, bingwa wa maneno zaidi kuliko wa mpira. Boga aliupiga mpira ukaenda chini kabisa, pembeni. Nyamvula akajirusha, akauchota na vumbi lake, ukagonga ukuta ukampita Boga. Watoto wakaanza kushangilia.

"Umelala," akasema Nyamvula, huku akijipangusa magoti.

Boga alimtazama kama mtu aliyerudishiwa kitu asichojua kwamba kimempotea. "Wallahi mimi sikuona. Ungenyamaza tu, ungekuwa umenishinda."

"Wewe hukuona. Mimi nimeona."

Sauti ya Bi Dhahabu ikatoka dukani, kali, kama itokavyo kila siku. "Nani huyo asemaye nimelala? Niko macho toka alfajiri!"

"Si wewe, nyanya," watoto wakajibu kwa pamoja, kama wanaoitika sala. "Ni mpira."

Kengele ikalia, wakakimbia shule wakicheka.

Mchezo huo haukuzaliwa mtaani. Ulitoka kwenye Chuo Kikuu, na hapa inafaa tuelewane, maana chuo kikuu chenyewe hakikuwa chuo kikuu. Pwani, chuo ni pale mtoto anapopelekwa kusoma Kurani. Basi wakati wa vita vya Hitler, lilipojengwa jumba la ghorofa juu ya kilima, njia ya Mtongwe, la kuwafunza vijana ualimu na ufundi, watu walilitazama wakasema: haya, chuo tunacho, na sasa tumepata chuo kikuu. Jina likashika. Wanafunzi wenyewe walilipenda sana, wakatembea nalo kama mtu aliyevaa kanzu mpya.

Chini ya kilima hicho askari wa majini walikuwa wamejenga kuta nne zisizo na paa, wakacheza humo mchezo wao wa skwoshi, wa kupiga mpira ukutani kwa raketi. Vijana wa chuo walipanda juu ya ukuta wakachungulia, wakabishana juu ya sheria, wakachungulia tena. Vita vilipokwisha askari wakaenda zao, wakaacha kuta, na kasha la raketi zilizolegea nyuzi. Vijana hawakumwomba mtu ruhusa. Waliingia, wakafagia, wakaunda timu yao ya wanaume, maana chuo hakikuwa na mwanamke hata mmoja. Wenye mamlaka waliwaambia kwamba mchezo ule haukuwa wao. Walijibu kwamba kuta hazikuandikwa jina.

Mchezaji wa kwanza kabisa wa timu ile aliitwa Ngumbao, kijana wa Shika Adabu, ndugu yake mama Nyamvula. Yeye ndiye aliyewafunza watoto wa mtaa kupiga ukutani kwa mkono. Na neno lile la "umelala" lilikuwa la hapo hapo mtaani. Chuoni walitumia maneno ya Kizungu.

Sasa ulikuwa mwaka wa 1949, mwezi wa Mei, masika yamechacha. Siku hiyo darasani aliingia Bwana Thoya, karani wa chuo na katibu wa timu, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Mwalimu Gershom, mwalimu mkuu, alimpisha mbele ya darasa. Bwana Thoya akaeleza kwamba uwanja wa skwoshi umepata paa la mabati, kwamba Jumamosi utafunguliwa mbele ya wageni wakubwa, na kwamba mtoto mmoja wa shule atasimama aeleze historia ya timu, kwa moyo, bila kusoma mahali.

Mwalimu Gershom alikuwa amekwisha mchagua Nyamvula. Jambo lenyewe lilikuwa zito kuliko linavyosikika. Shule ile wasichana waliishia darasa la nne. Aliyetaka kuendelea alihitaji nafasi katika shule ya bweni ya wasichana, na mwaka huo Likoni nzima ilikuwa imepewa nafasi moja. Mkuu wa shule hiyo ya bweni, mama wa Kizungu wa misheni, angekuwa miongoni mwa wageni. Mwalimu alimwambia Nyamvula waziwazi: sema vizuri mbele yake, nami nitalitaja jina lako siku hiyo hiyo.

Bwana Thoya akaanza kumfunza, sentensi baada ya sentensi, naye Nyamvula anarudia. Timu ilianza hivi, ikakua hivi. Timu haikupata kushindwa katika uwanja wake. Mwaka wa 1946, mwezi wa Januari, ilicheza na maafisa wa meli, na mchezo ulipofika ukingoni ikanyesha mvua kubwa, mchezo ukavunjika. Kwa sababu ya mvua hiyo, timu ikaomba paa.

Nyamvula hakurudia. Aliinua mkono.

"Samahani, Bwana Thoya, ni mvua gani ya Januari?"

Darasa likanong'ona. Hata mtoto wa darasa la kwanza wa Likoni ajua kwamba Januari ni kaskazi, jua linakausha mpaka mate. Boga, kutoka nyuma, akasema kwamba labda aliyenyesha ni Nyamvula mwenyewe, maana jina lake ni la mtoto wa mvua. Darasa zima likaangua kicheko.

Nyamvula alisubiri kikome. "Nilikuwapo siku ile. Nilikaa juu ya ukuta na mama yangu. Mjomba wangu Ngumbao ndiye aliyecheza mpira wa mwisho, na mvua haikunyesha."

Uso wa Bwana Thoya ulijifunga kama mlango. "Katika timu hii," akasema polepole, "mimi simjui mtu wa jina hilo."

Mwalimu Gershom akamwambia Nyamvula aketi. Hakumgombeza, lakini hakumtazama usoni. Paa lilikuwa limepatikana kwa hadithi ya mvua, na wageni walikuwa wamekwisha alikwa.

Jioni, Nyamvula alikwenda kumsaidia mama yake kukaanga mihogo karibu na kivuko. Mama yake, Kaviha, alikuwa mwanamke wa maneno machache na yote yana pilipili. Muda si muda akafika mjomba Ngumbao kutoka Changamwe, alikoendesha lori la matangi ya mafuta. Mjomba huyu alipenda kujisifu. Lori lake lilikuwa kali kuliko malori yote, shati lake ndilo lililopendeza kuliko yote, hata mafua yake yalikuwa makubwa kuliko ya watu wengine. Kitu kimoja tu hakukizungumzia, nacho ni mchezo ule wa Januari. Nyamvula alipomweleza habari ya mvua, aliuacha muhogo mkononi ukapoa.

Ndipo, kwa kuombwa na kusukumwa, akasimulia. Walikuwa wamebakiwa na pointi moja wawashinde maafisa. Hapajapata kutokea jambo kama hilo upande wote ule wa bandari. Juu ya ukuta palijaa watu, na Thoya ndiye refa. Mpira ukaenda pembeni, chini kabisa. Ngumbao akauchota, ukapiga ukuta, afisa akaukosa. Thoya akapiga kelele kwamba ni halali, chuo kimeshinda. Watu wakaanza kuruka chini uwanjani. Lakini Ngumbao alikuwa ameuona mpira ukidunda mara ya pili kabla hajaugusa. Akainua raketi, na katika joto lile maneno ya Kizungu yakamtoka kichwani, likaja neno la nyumbani.

"Nikasema, 'Umelala.' Thoya akasema tena ni halali. Nami nikamwambia kwa nguvu, 'Umelala, Thoya!'"

Watu juu ya ukuta walivunjika mbavu. Thoya alikuwa mgeni kutoka Kaloleni, neno la watoto wa Shika Adabu hakulijua. Alisikia kile ambacho Bi Dhahabu husikia kila asubuhi. Alisikia kwamba yeye, refa, kalala usingizi kazini, na watu wazima na watoto wanamcheka. Ngumbao akampa afisa mpira, na dakika chache baadaye chuo kilikuwa kimeshindwa. Wenzake wakamtoa katika timu. Thoya hakumsemesha tena.

"Na kwa nini hukumweleza?" akauliza Nyamvula.

"Mimi? Nimweleze mtu mwenye ndevu Kiswahili?" Ngumbao akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Kisha akamshika mpwa wake bega. "Sikiliza, mwanangu. Nafasi ya bweni ni moja. Wewe sema mvua. Mvua hiyo haimdhuru mtu. Mimi nimezoea kutokuwapo katika hadithi yao."

Kaviha aliligonga kaango kwa kijiko mpaka watu wa kivukoni wakageuka. "Kaka, usimfunze mtoto wangu kusema uongo kwa huruma. Huo nao ni uongo, ila umepakwa asali." Akamgeukia binti yake. "Utasema nini Jumamosi?"

"Nitasema," akajibu Nyamvula.

"Nimekuuliza utasema nini."

"Nitasema, mama."

Kaviha akarudi kwenye mihogo yake. Aliujua ukaidi huo, ulikuwa wake.

Jumamosi mvua ilianza tangu asubuhi, ya masika hasa, kamba kwa kamba. Watu wote, wageni na wenyeji, walijazana ndani ya zile kuta nne chini ya paa jipya, miavuli inachuruzika. Wageni walikalishwa mbele. Mama wa shule ya bweni alikaa katikati, kofia kichwani, mikono magotini. Bwana Thoya alisimama kando yake akitafsiri. Nyuma kabisa, mlangoni, Nyamvula alimwona mjomba wake, shati lile linalopendeza kuliko yote limemgandia mwilini.

Akaanza. Sauti ilikuwa safi, na maneno yalikuja bila kukwama. Alieleza vijana waliochungulia juu ya ukuta, kasha la raketi, jinsi walivyoambiwa mchezo si wao na walivyojibu. Wageni walitikisa vichwa kwa kukubali. Mwalimu Gershom akaanza kupumua. Akafika Januari ya 1946, maafisa wa meli, mchezo umefika ukingoni.

"Ikanyesha mvua kubwa," akasema Nyamvula.

Papo hapo mvua ya nje ikaongeza, mabati yakanguruma kama lori la Changamwe. Wageni wakatazama juu wakacheka, wakapendezwa. Bwana Thoya naye akatabasamu. Ingetosha amalize sentensi mbili tu, ashukuru, akae.

Nyamvula aliangalia pembe ya uwanja, chini kabisa, pale mpira ulipodunda siku ile. Maneno aliyoyatamka yalikuwa yake sasa. Yametoka mkononi mwake, hakuna aliyeona kosa, na watu wamekwisha shangilia.

"Umelala," akasema.

Mabati yakalimeza neno. Bwana Thoya akamwinamia, akamwambia aendelee. Nyamvula akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akasema kwa sauti ya kuita watu ng'ambo.

"Umelala!"

Watoto wa Shika Adabu, waliokuwa wamebanwa kando ya ukuta, walielewa mara moja. Mtu husema hivyo akijihukumu mwenyewe. Wakubwa wengine wakaanza kucheka, na kicheko hicho Bwana Thoya alikijua. Damu ikampanda. Alisahau wageni, akasahau kutafsiri.

"Wewe mtoto, mimi nimelala? Na wewe wanitukana kama mjomba wako?"

"Sikukutukana, Bwana Thoya." Nyamvula aliinua kidevu. "Hata mjomba hakukutukana. Sisi kwetu mpira ukidunda mara mbili twasema umelala. Na ukiwa wako, wasema mwenyewe. Maneno yangu ya mvua yalikuwa yamelala. Ndiyo nimeyasema."

Kutoka katikati ya watu sauti kali ya uzee ikapaa juu ya kelele za mabati. "Nani tena asema nimelala? Nimesimama hapa naloa!"

"Si wewe, nyanya!" wakaitika watoto wote wa Shika Adabu. "Ni mpira!"

Uwanja mzima ukacheka, hata wale wasiojua wanacheka nini. Bwana Thoya hakucheka. Alimtazama Bi Dhahabu, akawatazama watoto, kisha akatazama mlangoni, alikosimama Ngumbao. Midomo yake ilikuwa ikilirudia lile neno kimya kimya, kama mtu anayejaribu upya kiatu alichokuwa amekivaa kinyume.

"Mpira," akasema. "Ulikuwa ukisema mpira."

"Mpira," akajibu Ngumbao.

"Miaka yote hii. Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Ulikuwa umenuna mpaka masikio. Nami nilikuwa na kiburi changu, tena kikubwa kuliko cha watu wengine."

Mama wa shule ya bweni alikuwa akimwuliza Mwalimu Gershom kuna nini. Mwalimu angeweza kusema ni utani wa watoto. Badala yake alisimama mbele yake, akamtafsiria yote, tangu Januari kavu mpaka paa. Kisha akasema, kwa Kizungu na tena kwa Kiswahili ili kila mtu asikie, kwamba mtoto aliyetaka kumtaja ni huyu, na kwamba akikataliwa leo, atamtaja tena mwakani.

Bwana Thoya alisogea kando. "Malizia," akamwambia Nyamvula. "Malizia ilivyokuwa."

Basi Nyamvula akamalizia, akipaza sauti juu ya mvua. "Mwezi wa Januari, mwaka wa 1946, jua likiwa kali, timu ya wanaume ya chuo chetu ilishindwa katika uwanja wake. Maafisa wa meli hawakuiweza. Aliyeiweza ni mchezaji wake mwenyewe, jina lake Ngumbao, kwa sababu mpira ulikuwa umelala, naye akasema."

Vijana wa timu waliokuwapo waliangaliana. Kisha mmoja akagonga raketi kwenye ukuta, na mwingine, na mwingine, mpaka kuta zote nne zikajibizana na mabati. Walikuwa wakishangilia mchezo walioshindwa. Paa halikuanguka, wala hakuna mgeni aliyedai arudishiwe mabati yake.

Jumatatu, Mwalimu Gershom alisimama mbele ya darasa bila kitabu.

"Siku ile Bwana Thoya alipokuja hapa niliogopa," akawaambia. "Nilijua kaskazi haina mvua, nikanyamaza, kwa kuwa nilitaka mambo yapite vizuri. Ninyi ukutani kwa Bi Dhahabu hamnyamazi. Sasa mtakua, mtaingia viwanja vyenye refa, na refa mwenyewe mara nyingine hataona, au ataona upande wenu. Hapo ndipo mtajulikana. Mtu akisema kweli inayomwinua, hilo ni jambo dogo. Itafuteni ile inayowatoa pointi, muiseme hiyo kwanza, hata kama uwanja mzima unawashangilia. Na mtu akikuelewa vibaya, usikae na kiburi miaka. Mweleze. Huenda shida ni neno moja tu."

Jina la Nyamvula lilikubaliwa. Januari iliyofuata alivuka kivuko kwenda bweni na sanduku la mbao kichwani, jua likiwaka kama linavyostahili Januari, na mama yake hakulia ila alimwambia ukaidi wake aubebe wote, asiache hata kidogo nyumbani.

Lakini kabla ya hapo, asubuhi moja, watoto walimkuta mtu amesimama mbele ya ukuta wa Bi Dhahabu, suruali imepigwa pasi, viatu mkononi. Bwana Thoya aliomba afunzwe. Walimpanga na Ngumbao, aliyekuwa amekuja kusalimia, na wanaume hao wawili wakapiga mpira wa tyubu kwa viganja mpaka vikawa vyekundu. Mpira mmoja ukaenda pembeni, chini kabisa. Bwana Thoya akajirusha, akauchota, ukagonga ukuta, Ngumbao akaukosa. Watoto wakaruka kwa furaha.

Bwana Thoya alijipangusa vumbi gotini.

"Umelala," akasema.

"Sikulala!" ikajibu sauti kutoka dukani.